Dakika Ishirini za Chakula: Jinsi ya Kumfungashia Mwenzi Wako Ughaibuni

Kanuni za saa za kazi za Uingereza, zilizotungwa mwaka 1998, zinampa mtu anayefanya kazi zaidi ya saa sita kwa siku mapumziko ya dakika 20. Mwajiri akipenda ataongeza. Asipopenda ni hizo hizo, na halazimiki kuzilipia. Ndani ya dakika hizo mpakia mizigo wa bohari la Daventry au Coventry atavua glavu, atatembea hadi chumba cha mapumziko, atapanga foleni ya maikrowevu nyuma ya wenzake, atapasha, atakula, atasuuza kopo na kurudi kwenye zamu. Ukitoa mwendo na foleni, kula kwenyewe kunabakiwa na dakika nane au tisa. Na mkewe, kwa mapenzi yote, amemfungashia wali, mchuzi wa kuku na mifupa yake, na chungwa zima lisilomenywa.

Hapo ndipo wapishi wengi wa ughaibuni wanapokosea. Wanaanza na sufuria: kimepikwa nini, kimebaki nini, kopo gani liko safi. Chakula cha kubeba hupangwa kinyumenyume, kuanzia kiti atakachokalia mlaji hadi kwenye jiko lako. Kabla hujanunua vyombo, kabla hujaloweka maharage, mkalishe mwenzi wako umhoji kama karani wa sensa. Mapumziko yake ni dakika ngapi, na huanza saa ngapi? Kuna friji? Kuna maikrowevu ngapi, kwa watu wangapi? Anakula mezani, ndani ya gari au amesimama? Ana pa kunawia mikono? Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ugali na ndizi za mchuzi huliwa vizuri kwa mkono, na si kila mtu anajisikia huru kumega tonge mbele ya wafanyakazi wenzake. Anayejisikia, heri. Asiyejisikia asilazimishwe kuwa balozi wa utamaduni saa saba mchana.

Majibu yatatofautiana kwa nchi na kwa kazi. Ujerumani sheria inadai mapumziko ya dakika 30 kwa anayezidisha saa sita, na 45 kwa anayezidisha tisa. Huko kuna nafasi ya kula kwa utulivu. Marekani sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kutoa mapumziko ya chakula cha mchana, mambo huachiwa majimbo, na California ni miongoni mwa yanayodai nusu saa kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano. Muuguzi wa hospitali anayeshika zamu ya saa 12 anahitaji milo miwili na kitu cha kutafuna katikati, si kopo moja kubwa. Mhudumu wa wazee anayezunguka nyumba kwa nyumba hana friji wala maikrowevu. Meza yake ni usukani. Na mtu wa Muscat ana tatizo la kinyume na la London: kuanzia Juni hadi Agosti Oman hupiga marufuku kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri, na chakula kilichosahauliwa kwenye gari lililoegeshwa juani wakati huo ni cha kutupwa.

Ukimaliza mahojiano, piga hesabu. Tuseme sandiwichi ya dukani, pakiti ya krispi na soda vinamgharimu mwenzi wako pauni 4 kwa siku, siku tano kwa wiki. Likizo ya kisheria Uingereza ni wiki 5.6, kwa hiyo zimebaki kama wiki 46 za kazi. Hizo ni pauni 920 kwa mwaka. Usijidanganye kwamba zote ni akiba, maana kuku, mchele na umeme navyo vina bei. Hata ukiokoa nusu tu, kwa familia inayotuma pesa nyumbani kila mwezi si haba. Wengine sababu yao haihusu pesa kabisa: kantini haina nyama ya halali, au daktari amekataza chumvi, au mtu amechoka tu na mkate baridi.

Wengi waliotoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura hawakukua na kazi hii. Mchana mtu alikula kwa mama lishe, kwenye kibanda, au alirudi nyumbani. Kwa hiyo usione aibu kujifunza ukubwani. Na anayejifunza si lazima awe mke. Katika nyumba nyingi za ughaibuni mke ndiye anayetoka alfajiri kwenda zamu, na mume ndiye aliyebaki na mwiko.

Moto kweli au baridi kweli

Bakteria wanaoharibu chakula wanapenda joto la katikati. Kwa mamlaka za Uingereza, eneo la hatari ni kati ya nyuzi 8 na 63 za Selsiasi. Za Marekani zinaliweka kati ya 4 na 60, na kuongeza kwamba chakula kisikae humo zaidi ya saa mbili, au saa moja hewa ikizidi nyuzi 32. Maana yake jikoni ni nyepesi: chakula cha kubeba kina njia mbili tu. Kiende baridi kweli kikapashwe huko, au kiende moto kweli kiliwe kilivyo. Vuguvugu ni marufuku.

Njia ya baridi ndiyo rahisi kwa mwenye maikrowevu kazini. Chakula kilale kwenye friji yenye nyuzi 5 au chini ya hapo, asubuhi kiingie kwenye mkoba wenye kinga ya joto pamoja na pakiti ya jeli iliyogandishwa. Huna jeli? Gandisha chupa ndogo ya maji. Mpaka mchana itakuwa imeyeyuka na atainywa. Akifika kazini chakula kihamie kwenye friji, na mchana akipashe mpaka mvuke utoke katikati, si pembeni tu.

Kuna kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa. Mpishi anapasha chakula nyumbani alfajiri ili kisipoe sana, mwenzi anakibeba vuguvugu kwa saa tano, kisha anakipasha tena kazini. Chakula hicho kimepashwa mara mbili na kati ya hapo kimekaa pale pale bakteria wanapopataka. Chakula kilichokwisha kupikwa hupashwa mara moja. Kama kitapashwa kazini, kitoke nyumbani kikiwa baridi.

Njia ya moto ni ya dereva, fundi wa ujenzi na yule mhudumu wa wazee. Hapa hotipoti ya plastiki ya arusini haitoshi. Inahifadhi chapati kwa saa mbili tatu mezani, lakini si zamu nzima. Nunua chombo cha chakula cha chuma chenye kuta mbili zilizotolewa hewa katikati. Ni kanuni ile ile ya chupa ya chai, aliyoibuni mwanasayansi wa Uskochi James Dewar mwaka 1892, kabla Wajerumani hawajaipeleka sokoni kwa jina la Thermos. Asubuhi kijaze maji yanayochemka, kifunge kwa dakika kumi, yamwage, ndipo uweke chakula kinachotokota. Kijaze mpaka karibu na mdomo, kwa sababu nafasi tupu hula joto. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, fanya jaribio siku ya mapumziko: funga maharage saa moja asubuhi, fungua saa saba mchana, pima. Yakiwa chini ya nyuzi 63, chombo hicho kibaki cha kubebea uji wa njia fupi.

Vya plastiki navyo vina masharti. Kopo liwe na alama ya kuruhusu maikrowevu na mfuniko wenye kufuli pande zote nne. Lile la aiskrimu lililosafishwa, linalopendwa na kina mama wote wa Afrika Mashariki, libaki la kuhifadhia vitunguu. Lijaze maji, lifunge, ligeuze juu chini kwenye sinki kwa robo saa. Likivuja maji, litavuja mchuzi, na litavuja juu ya karatasi za ofisi. Kwa chakula kisichohitaji kupashwa, yale makopo ya chuma yanayopandana ambayo Wahindi huyaita dabba yanafaa sana, kwani wali unakaa ghorofa moja na mboga nyingine. Huko Mumbai wapo watu ambao tangu mwaka 1890 kazi yao ni kuyachukua makopo hayo yakiwa na chakula cha nyumbani na kuyafikisha kwa mlaji ofisini. Mwenzi wako hana bahati hiyo, abebe mwenyewe.

Wali una sheria zake

Watu huogopa nyama na kuudharau wali. Ni kinyume. Mchele mkavu mara nyingi huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa juu ya jiko usiku kucha, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe mpaka uungue. Ndiyo maana mtu hutapika baada ya kula wali uliokuwa ukitoa mvuke.

Shirika la viwango vya chakula la Uingereza linashauri wali upozwe haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja, ukae kwenye friji kwa muda usiozidi saa 24, na upashwe mara moja tu. Kupoza haraka kunashinda wengi kwa sababu wanafunika sufuria na kusubiri. Chukua lile sinia la pilau lililokuja kwenye sanduku kutoka nyumbani, usambaze wali uwe mwembamba, uuache wazi karibu na dirisha. Utapoa haraka kuliko ulivyoiva. Mchuzi nao ugawe kwenye vyombo vya kina kifupi, au weka sufuria ndani ya sinki lenye maji baridi na ukoroge mpaka mvuke uishe. Funika baada ya kupoa, maana mvuke uliofungiwa hugeuka maji na kuulowesha wali.

Mpishi wa Jumapili atauliza: saa 24 zinatosha vipi kwa wiki nzima? Hazitoshi. Wali wa Jumapili usiku ni wa Jumatatu mchana. Wa siku nyingine ugawe kwa mlo, ubapaze ndani ya mifuko midogo, uingize kwenye friza ukiwa umeshapoa. Siku ukitakiwa, nyunyiza kijiko cha maji, funika, upashe. Na kuna ujanja mdogo unaookoa dakika kwenye foleni: maikrowevu hupasha pembezoni kuliko katikati, kwa hiyo panga wali kuzunguka kopo ukiacha shimo katikati. Utapata moto sawasawa bila mwenzi wako kusimama akikoroga huku wenzake wakimtazama saa.

Maharage yana jambo lake. Ughaibuni wengi hununua sufuria ya umeme inayopika polepole, wakaweka humo maharage mekundu makavu na kuondoka kwenda kazini. Maharage hayo yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na chungu hicho mara nyingi hakifiki joto hilo. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa nguvu juu ya jiko dakika kumi kamili, ndipo uhamishie unakotaka. Ya kopo yamekwisha kupikwa; yaunge kwa kitunguu, nyanya na tui, kazi imekwisha. Maharage ya nazi hukaa vizuri kwenye friza, na tui likionekana limejitenga, koroga litarudi.

Vinavyosafiri na visivyosafiri

Pilau ndiyo mfalme wa kopo. Haihitaji mchuzi, haimwagiki, na mafuta yake huzuia punje zisigandamane. Kata nyama vipande vidogo visivyo na mfupa, vya kuchomwa kwa uma mara moja. Biriani inataka masala yake kwenye kikopo cha pembeni. Ukimwagia usiku, asubuhi una uji wa viungo. Wali wa nazi nao hubeba vizuri.

Ugali ni mgomvi. Ukipoa wanga wake hujipanga upya na kukaza, na joto la friji ndilo linaloharakisha jambo hilo kuliko yote. Wenye chombo cha moto waukate vipande ukiwa unatoka jikoni, wavipange humo, vitakuwa laini mchana. Wenye maikrowevu wavikate vipande vyembamba, wavifunge vizuri na kuvigandisha haraka badala ya kuvilaza kwenye friji, kisha mwenzi anyunyize maji na kufunika kabla ya kupasha. Hautakuwa ugali wa nyumbani. Utalika.

Chapati inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mafuta yaliyomo huifanya ikae laini siku mbili, inakubali friza ukiweka karatasi kati ya moja na nyingine, na inaliwa kwa mkono bila mtu yeyote kushangaa. Kwa mwenzi anayekula nyuma ya usukani, mtengenezee rolex, kile chakula cha mitaa ya Kampala: mayai yaliyokaangwa na kitunguu, kabichi na nyanya, yanazungushiwa chapati na kufungwa kwenye karatasi ya alumini. Ukitumia mayai yaliyoiva kabisa, ukaipoza na kuiweka kwenye mkoba wa baridi, inalika bila kupashwa. Nyanya itolewe mbegu, vinginevyo chapati italowa.

Katika kundi hilo la vyakula vya baridi weka pia katlesi, kababu za kuoka, sambusa za oveni na mkate wa kumimina. Katlesi ya jodari wa kopo na viazi ni mlo kamili wa bei ndogo. Bajia na viazi karai waachie wanaokula papo hapo. Ukavu wa vyakula hivyo hauvuki hata saa moja ndani ya kopo. Viazi ndani ya mchuzi uliogandishwa huwa kama mchanga, kwa hiyo mchuzi wa friza upike bila viazi. Kachumbari ibebe bila chumvi, kwa sababu chumvi hutoa maji. Kipande cha limau na chumvi kidogo kwenye karatasi vinatosha, atajitilia mwenyewe. Matunda yamenywe na kukatwa nyumbani. Hakuna mwenye dakika ishirini atakayemenya chungwa.

Kiasi nacho kina akili yake. Anayebeba mizigo kutwa atamaliza kopo la lita moja. Anayekaa mbele ya kompyuta mililita 700 zinamtosha, na ukimzidishia atasinzia kwenye mkutano wa saa nane. Mboga na nyama vichukue nusu ya kopo. Ukitazama makopo mengi ya Waswahili ughaibuni utakuta wali robo tatu, na hilo halina sababu isipokuwa mazoea.

Dukani

Neno la hatari kuliko yote kwenye rafu za Uingereza ni "cornflour". Huko ni wanga mtupu wa kukazia supu, na ukiusonga utapata gundi. Marekani maneno hayo hayo humaanisha mahindi yaliyosagwa laini kabisa. Unachotafuta ni pakiti iliyoandikwa "white maize meal", inayopatikana kwenye maduka ya Waafrika na hata baadhi ya maduka makubwa ya kawaida. Polenta ya Kiitaliano ni ya njano na ya chengachenga. Inafaa siku ya shida. Unga wa tortilla wa Wameksiko, unaoitwa masa, umetengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa na chokaa, na ladha ya chokaa haijifichi.

Sukuma wiki Marekani ni collard greens, haina haja ya mbadala. Uingereza chukua spring greens, ukate nyembamba. Mchicha ni spinachi ya friza, ikamuliwe maji kwanza. Kisamvu usikihangaikie: maduka ya Wakongo, kama yale ya mtaa wa Matonge huko Brussels, huuza majani ya muhogo yaliyotwangwa na kugandishwa, nawe uliza pondu au sombe. Leicester, kando ya Belgrave Road, muhogo mbichi na wa friza utaupata ukiuliza mogo. Familia za Kigujarati zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na nyingine zilizotoka Kenya na Tanzania, zilihamia mji huo na vyakula vyake. London nenda soko la Brixton, Ridley Road au Rye Lane kwa ndizi za kupika. Tui la kopo soma asilimia ya nazi nyuma ya lebo. Likiwa chini ya nusu, unalipia maji.

Harufu, karanga na heshima ya chumba

Papa mkavu aliyepashwa kwenye maikrowevu ya ofisi atamfanya mwenzi wako akumbukwe mpaka siku ya kustaafu. Dagaa vivyo hivyo, na ng'onda. Hakuna sheria inayokataza, na mtu hana haja ya kuona aibu kwa chakula cha kwao. Ila chumba ni cha watu wengi na dirisha pengine halifunguki. Samaki wa harufu kali waliwe nyumbani Jumamosi. Kazini apelekwe samaki asiyepashwa, ndani ya katlesi, au wa kupaka katika chombo cha moto kinachofunguliwa kwa dakika chache tu.

Karanga ni suala zito zaidi, kwa kuwa kuna watu ambao chembe yake inaweza kuwaua. Uingereza ina orodha ya vizio 14 vya mzio vinavyopaswa kutajwa kwenye chakula kinachouzwa, na karanga, korosho na ufuta vimo. Kopo la nyumbani haliguswi na sheria hiyo, lakini sehemu nyingine za kazi, hasa shule na vituo vya watoto, hukataza karanga kabisa. Mwenzi wako aulize kabla hujatwanga karanga za mchicha. Nazi haimo katika orodha hiyo, kwa hiyo mchicha wa nazi ndio mbadala wa kwanza.

Ratiba isiyochosha

Mpango wa kupika kila usiku kwa ajili ya kesho hufa wiki ya pili. Unaodumu una sehemu mbili: Jumapili unapika vitu viwili vinavyokubali friza, tuseme maharage ya nazi na mchuzi mzito wa nyama, na kukaanga chapati kumi; katikati ya wiki, Jumatano usiku, unapika pilau ya kula siku hiyo na kuchota kopo la Alhamisi. Uingereza mabaki ya kawaida hushauriwa yaliwe ndani ya saa 48; Marekani wanaruhusu siku tatu hadi nne. Fuata ya nchi uliyomo, na ukiwa na shaka fuata ile kali. Andika jina na tarehe kwenye kila kopo la friza kwa kipande cha utepe wa karatasi, maana baada ya wiki mbili mchuzi wa nyama na wa maharage hufanana vibaya sana. Na fungasha usiku, wakati wa kutoa chakula cha jioni, kabla watu hawajajipakulia mara ya pili. Mpishi anayesubiri kufungasha kilichobaki atafungasha ukoko.

Ramadhani hubadilisha mambo yote. Kwa anayeshika zamu ya mchana, kopo halina kazi mpaka magharibi, na saa hiyo inaelea kwa mwaka: Ramadhani inapoangukia Februari, jua la London huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, mara nyingi katikati ya kazi, na inapoangukia Juni, huzama baada ya saa tatu usiku akiwa ameshafika nyumbani. Katika ile ya baridi mfungashie futari ya hatua mbili. Ya kwanza iliwe kwa dakika mbili akiwa amesimama: tende tatu, maji, na uji wa moto ndani ya chupa ya chai. Ya pili, sambusa na kopo dogo la wali, isubiri mapumziko atakayopewa. Amwambie msimamizi mapema saa ya kufuturu. Wengi huwa tayari kusogeza mapumziko wakiambiwa wiki moja kabla, na wengi hukataa wakiambiwa siku hiyo hiyo.

Mwisho, kopo linaporudi jioni lifungue mwenyewe. Wali uliobaki siku tatu mfululizo maana yake unamzidishia, au mapumziko yamepunguzwa naye hajakuambia. Mboga isiyoguswa maana yake imelowa. Mifupa tu, iliyosafishwa, maana yake umpe mnofu zaidi na umuulize ameipatia wapi nafasi ya kuitafuna. Chakula kilichorudi kilikwisha kukaa nje saa nyingi, kwa hiyo kimwage. Usikirudishe kwenye friji wala usimpe mtoto. Kisha punguza, badilisha, na ufungashe cha kesho.